Shimo Karibu na Jikoni

Ua wa Mzee Kinuthia, kule Kiganjo, ulikuwa na taa za trafiki. Hazikuwaka, lakini zilisimama wima kando ya tangi la maji, nyekundu, njano na kijani, na jioni kuku walipanda kulala juu yake. Palikuwa pia na kiti cha daktari wa meno, kile cha kupanda na kushuka, kimewekwa chini ya mparachichi. Palikuwa na bafu refu la chuma lenye miguu minne kama ya simba, ambamo mbuzi walinyweshwa maji, na pampu ya petroli iliyovamiwa na nyuki. Mzee alikuwa fundi wa kubomoa majumba kwa miaka thelathini, na kila jengo alilolishusha kati ya Ruiru na Thika lilimwachia kitu kimoja ambacho roho yake ilikataa kutupa. Wapangaji wa vyumba vyake sita walishazoea. Naliaka wa chumba namba nne hata alikuwa amemfundishia binti yake Maxine rangi kwa zile taa.

Yote hayo Naliaka aliweza kuyaeleza. Alichoshindwa kueleza ni shimo.

Lilichimbwa Jumanne na Jumatano, karibu na jikoni la nje la Mzee, na alilichimba Mzee mwenyewe, fulana imelowa jasho. Lilikuwa refu kiasi cha mtu kulala na jembamba kiasi cha mtu mmoja tu kulala. Udongo mwekundu ulirundikwa upande mmoja, nadhifu. Jumatano jioni, Naliaka alipotoka kazini katika kiwanda cha makadamia, alikuta shimo limetandikwa karatasi nyeusi ya nailoni, imepangwa vizuri mpaka kwenye kingo kama shuka.

"Ni swimming pool," alisema Mwongeli wa chumba namba tano, akianua nguo. "Mzee ameona tunateseka na joto."

"Wacha mchezo."

"Basi ni ya kuficha mbuzi. Si mimi nimechimba! Muulize mwenyewe."

Naliaka hakumuuliza. Kuna maswali ambayo mpangaji hamuulizi mwenye nyumba, hasa mwenye nyumba ambaye wiki mbili zilizopita alimtoa mama yake hospitalini, kikongwe wa miaka tisini na kitu, akaja naye nyumbani amefungwa blanketi mbili.

Na Alhamisi ndiyo siku Mama Nekoye alifika kutoka Chwele.

Mama Nekoye alikuwa mama mzazi wa Dismas, mume wa Naliaka. Maxine, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, alimwita Kukhu kama watoto wote wa Kibukusu wanavyomwita bibi. Mama Nekoye hakuwa amekuja kutembea. Dismas, ambaye ni askari wa lango kwenye ploti za kukodisha huko Mwihoko na hupata siku za kupumzika mara mbili kwa mwezi, alikuwa amepiga simu Jumatatu akazungukazunguka maneno kabla ya kusema.

"Mama anakuja kuona mahali mtoto anakaa. Akiona hapafai, anarudi naye nyumbani mpaka umalize mtihani."

"Mtihani ni mwakani, Dismas."

"Najua."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aje aone."

Naliaka alisoma masomo ya jioni, jioni nne kwa wiki, katika darasa la shule ya msingi lenye madawati mafupi ambayo magoti ya watu wazima hayaingii chini yake. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha pili. Sasa alikuwa amefika kwenye biolojia ya kidato cha nne na aliipenda mno. Alipokuwa kazini au darasani, Maxine alikaa na Mwongeli. Hilo ndilo lililomkera mama mkwe: mtoto wa Dismas kulelewa na jirani, katika ua uliojaa mabaki ya majumba ya watu.

Kwa hiyo Alhamisi, baada ya chai, Kukhu alikunja leso kiunoni akaukagua ua kama mtu anayenunua ng'ombe. Naliaka alimfuata nyuma, mtoto mkononi.

"Hiki ni nini?"

"Kiti cha daktari wa meno, Mama. Cucu, yule bibi mama yake Mzee, anakalia akiota jua asubuhi."

"Na hawa nyuki? Hawaumi mtoto?"

"Pampu iko mbali na njia. Maxine anajua hapiti huko."

"Kuku analala kwa taa ya barabara," Kukhu alisema, akatikisa kichwa, lakini mdomo wake ulikuwa karibu kucheka. Naliaka akaanza kupumua vizuri. Walipita bafu la simba, wakapita kibao cha hoteli kilichobaki na herufi tatu. Kila kitu kikapata jibu. Kisha wakazunguka jikoni, na Kukhu akasimama.

Aliliangalia lile shimo kwa muda. Akaangalia nailoni. Akarudi nyuma hatua mbili na kumvuta Maxine kutoka mikononi mwa mama yake.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Mama."

"Na hili ni la nani?"

"Sijui."

"Hujui." Kukhu alimfunika mtoto kichwa na ncha ya leso. "Khane, kumbe unakaa mahali kama hapa, na hujui."

Usiku huo Kukhu alilala kwa Mwongeli, kwa sababu kwao mama halali kwenye chumba cha mwanawe na mke wake, hata mwanawe akiwa Mwihoko. Mwongeli alimpa kitanda chake akalala chini, na asubuhi akamwambia Naliaka kwa sauti ya chini: "Huyo mama yako ameomba Mungu mpaka mimi nikaokoka mara ya pili."

Ijumaa ndiyo iliyoharibu mambo kabisa. Naliaka alikuwa zamu ya mchana, na asubuhi alikuwa akichota maji kwenye tangi Mzee Kinuthia alipotoka, kofia kichwani. Kukhu alikuwa ameketi kwenye benchi anachambua maharagwe. Alimsalimu Mzee kwa heshima, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akaingia kwenye hoja kwa upole.

"Mzee, naona mmechimba."

"Ndio, mama. Nimechimba mwenyewe. Mgongo imekataa." Akacheka. Ulimi wake wa Kikuyu ulichanganya l na r. "Ni ya cucu. Nilitaka nimpereke ile ya Gatundu, kule kwa mto, akakataa. Anasema ni mbari. Anataka ya hapa hapa karibu na jikoni, awe anaiona ikijaa."

Maharagwe yalisimama mkononi mwa Kukhu. "Anataka mwenyewe?"

"Mwenyewe! Hata amenifokea nimecherewa. Nairon nimeshatandika. Kesho naenda Ruiru kuchukua vitu, jioni tunamaliza hiyo maneno."

"Kesho jioni."

"Mungu akipenda. Atafurahi sana." Mzee akagusa kofia, akaenda zake.

Naliaka alisimama na ndoo iliyojaa. Alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kumkimbilia Mzee pale langoni na kuuliza, shimo ni la nini, neno moja tu. Lakini utamuulizaje mtu kama anamzika mama yake kesho, na mama mwenyewe yuko ndani anakunywa uji? Alibeba ndoo yake akaingia ndani.

Jioni aliporudi alimkuta Maxine anakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha vumbi na baridi ya Julai, na mwili haukuwa na joto. Kukhu alimpakata mbele ya mlango, amegeuzia jikoni mgongo.

"Umemsikia huyo mzee kwa masikio yako. Amemchimbia mtu ambaye bado anapumua. Kaburi likichimbwa na mwenyewe hajafika, linangoja. Likichoka kungoja, linachukua aliye karibu. Mdogo ndiye mwepesi."

"Mama, hatujui kama ni kaburi."

"Umeuliza?"

Naliaka alimfuta mtoto pua.

"Basi. Kwetu likichimbwa bure, tunalaza mgomba ndani, tunafukia, tunaenda nyumbani. Hapa sijui wanafanya nini. Jumapili naondoka na mtoto. Nguo zake nimezifua."

"Mama, tafadhali. Kikohozi chake kinatoka kwa vumbi. Tumesoma. Kuna vijidudu—"

"Vijidudu," alisema Kukhu, bila ukali. "Naliaka, sikukatazi kusoma. Soma. Lakini uko kiwandani, uko shuleni, mwanangu yuko Mwihoko. Hapa mtoto akipatwa na neno, nani atafungua mdomo?"

Hilo ndilo lililomkalia Naliaka kifuani kuliko shimo. Kwa sababu ni kweli hakufungua mdomo. Alikuwa ameulizwa na akasema sijui, kumbe mwenye kujua anakaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Alilala akiwa ameamua. Kukicha, kabla Mzee hajaenda Ruiru, angemngoja langoni na kumuuliza kwa uso mkavu, liwe liwalo.

Alifungua mlango saa kumi na mbili na nusu. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Kukhu alikuwa karibu na jikoni, leso imelowa mpaka magotini, panga la Mwongeli limelala kando, anakanyaga udongo. Shimo halikuwepo. Palikuwa na tuta refu jekundu, na nyuma yake, kwenye ukingo wa migomba ya Mzee, kisiki kimoja cheupe kilichokuwa bado kinatoa maji.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemaliza," alisema Kukhu akihema. "Sasa halina haja na mtu."

Kabla Naliaka hajasema la pili, mlango wa nyumba kubwa ulifunguka na Mzee Kinuthia akatoka na mswaki mdomoni. Aliangalia tuta. Akaangalia kisiki. Akautoa mswaki.

"Ngai! Nani amekata mgomba yangu?"

Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwongeli alitoka na kanga kifuani, akaona panga lake lilipo, akarudi ndani nusu.

"Nauliza! Imebakisha mwezi moja itoe mkungu! Na nani amefukia kazi yangu? Siku mbili nimechimba!"

Kukhu alinyoosha mgongo. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na wakwe na watoto wawili, lakini hapa alikuwa mgeni, na Kiswahili cha ugomvi kilimpotea. Alifungua mdomo, kikatoka Kibukusu kitupu.

"Ni sisi, Mzee," alisema Naliaka.

Alipanua miguu kidogo ili asimame vizuri. "Ni sisi tumekata na ni sisi tumefukia. Tulidhani ni kaburi. Ulisema ni la cucu, umetandika, na jioni mnamaliza. Kwetu kaburi haliachwi wazi kama hakuna aliyekufa, linalazwa mgomba. Mtoto alikuwa anakohoa, tukaogopa. Ilikuwa tukuulize. Mimi ndiyo nilikuwa nikuulize na sikukuuliza. Tusamehe."

"Kaburi," alisema Mzee Kinuthia. "Ya mama yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mama yangu ako hapo ndani amemaliza uji, na nyinyi mmeshamzika?" Sauti yake ilipanda. "Kwa boma yangu? Mtu anakaa kwa nyumba yangu anamwombea mama yangu kifo? Mama Maxine, mimi nimekuheshimu. Lakini kwa hii, mwisho wa mwezi—"

"Kinuthia!"

Sauti ilitoka mlangoni, nyembamba na kavu. Cucu alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye fimbo, blanketi begani. Alisema maneno ya Kikuyu marefu kidogo. Mzee alijibu neno moja. Cucu akarudia, kwa nguvu zaidi.

Mwongeli, aliyezaliwa Makongeni na kukulia kati ya Wakikuyu, alimnong'oneza Naliaka: "Anauliza kelele ni ya nini, na nduma zake zinapandwa saa ngapi."

"Nduma?"

"Nduma, yale magimbi. Sasa ndiyo naelewa. Hiyo nailoni ni ya kuzuia maji isipotee chini. Siku hizi wanapanda hivyo kama hawako karibu na mto." Mwongeli alijipiga paji la uso. "Na mimi nikasema swimming pool. Mjinga mimi."

Naliaka alimgeukia mama mkwe. Kwao Chwele nduma ilimea kwenye kingo za mto, ikijipandia yenyewe, hakuna aliyeichimbia shimo wala kuitandikia kitanda. Alimweleza Kukhu kwa Kibukusu, polepole. Uso wa Kukhu ulibadilika mara tatu, na mwisho akauficha kwenye leso.

Mzee alikuwa bado anajaribu kumzuia mama yake asisikie, lakini Cucu hakuwa wa kuzuiwa. Alidai aambiwe. Mzee alikataa kutafsiri, basi Mwongeli akatafsiri, kwa sauti, huku akimkwepa Mzee kwa macho. Cucu alisikiliza mpaka mwisho. Alishuka ngazi moja moja, akaenda mpaka kwenye lile tuta, akalipima kwa fimbo kutoka kichwa hadi mguu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Anasema," Mwongeli alianza, akashindwa, akaanza tena, "anasema yeye alikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa rika lake. Anauliza, hata kama ni kaburi, Kinuthia, ungenichimbia fupi hivi? Magoti ningeweka wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Kukhu. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akajaribu kukimeza, kikamshinda. Cucu alimwangalia mgeni huyo aliyekuwa amelowa umande mpaka magotini, naye akaanza kucheka kwa ufizi mtupu, akishikilia fimbo kwa mikono miwili. Wapangaji waliofuata walicheka kwa woga kwanza, wakimwangalia Mzee. Mzee alisimama na mswaki wake. Alitaka kukasirika zaidi, ilionekana kabisa, lakini mama yake mwenyewe alikuwa upande wa wanaocheka.

"Mgomba yangu lakini," alisema mwishowe. "Mwezi moja tu."

"Nitafukua," alisema Kukhu, Kiswahili kikamrudia. "Nisamehe, baba. Nipe jembe, nitafukua sasa hivi."

Mzee alilichoma tuta kwa ncha ya kiatu, akafikiri kama fundi. "Hapana. Fukua udongo ya juu tu. Mgomba ikae hapo chini, inashika maji. Nitaweka mborea juu." Akamwonyesha Naliaka kidole. "Na wewe, Mama Maxine. Siku ingine ukiona kitu hapa hujui, kuja uriza. Hata kama ni jeneza. Uriza."

"Nitauliza, Mzee."

"Hiyo ya mwisho wa mwezi, sahau."

Aliondoka kwenda Ruiru akiwa amechelewa saa nzima. Kukhu alifukua udongo wa juu mwenyewe na akakataa kusaidiwa. Cucu aliketi kwenye kiti cha meno akimwelekeza kwa fimbo na kwa Kikuyu, Kukhu akimjibu kwa Kibukusu, na kwa namna fulani kazi ikaenda. Katikati ya hayo Cucu alimwita Maxine, akamwekea sikio mgongoni akamsikiliza akikohoa, akasema neno.

"Anasema ni baridi tu," Mwongeli alitafsiri. "Anasema mvalishe sweta, muache kumzungusha nje alfajiri mkizika migomba."

Mchana, baada ya ugali na sukuma, Kukhu na Naliaka walibaki peke yao mlangoni. Mtoto alikuwa amelala. Kukhu alikuwa akitoa udongo kwenye kucha kwa kijiti, bila kumwangalia.

"Ulisema ni sisi."

"Ndiyo, Mama."

"Panga nilishika mimi. Wewe ulikuwa unatoka kulala. Ungesema ni huyu mama, ametoka mashambani, hajui mambo. Angenifokea mimi, mimi kesho ningeondoka. Nyumba yako isingeguswa."

Naliaka hakuwa amelifikiria hivyo. Alitafuta jibu zuri, la mtu aliyesoma, hakulipata. "Sikukumbuka kusema vingine," alisema.

Kukhu alicheka kidogo puani. Akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili.

"Masomo yako ni saa ngapi?"

"Leo ni Jumamosi. Ni saa tisa mpaka saa kumi na moja."

"Na saa hizi ni saa ngapi?"

"Nane na nusu. Nilikuwa nimepanga nisiende, kwa sababu ya... kwa sababu wewe uko."

"Mimi niko, ndiyo. Sasa kwa nini usiende?"

Naliaka aliingia ndani kuchukua daftari. Alipokuwa akivaa viatu nyuma ya pazia, alimsikia Kukhu akipiga simu, kwa sauti ile ya watu wanaodhani simu haifiki mbali mpaka upige kelele.

"Dismas! Uko kazini? Sikiliza. Kesho asubuhi napanda basi. Ee. Peke yangu... Nimesema peke yangu. Mtoto anabaki na mama yake... Pako sawa. Kuna taa, kuna nyuki, kuna mama mmoja mzee sana amenichosha leo... Hapana, hakuna aliyekufa. Kwa nini sauti yako iko hivyo? Wewe tafuta sweta ya mtoto ulete ukija. Nene, ya mikono mirefu. Na ukija usikae kwa kiti tu, kuna mgomba wa huyu mzee unatakiwa kupandwa mwingine. Nimemwambia utapanda wewe."